Kakule Alivyohuzunika Bila Kibali

Ndugu raia, wake kwa waume, wafuasi watiifu wa Chama kisicho na mwenzake, simameni wima, vueni kofia na mtoe mikono mifukoni. Tunawatangazia kwa heshima zote, na kwa masikitiko yaliyokwisha kupata ruhusa, kwamba mwaka wa sabini na tano, hapa Goma, mtaani Himbi, raia wetu, citoyen Kakule, mchambuaji wa maharagwe, mume wa mke mmoja, alihuzunika. Alihuzunika bila kibali, bila kumtaarifu chifu wa mtaa, bila hata kufiwa. Zaïre nzima ilikuwa na furaha kwa amri. Yeye akawa na lake.

Basi tumjue huyo marehemu mtarajiwa.

Kakule alishuka kutoka upande wa Butembo akiwa kijana, na kazi aliyoishika Goma ni hiyo moja. Wamama wa Masisi na wa Rutshuru walileta magunia yao sokoni Virunga yakiwa yamechanganyika kila kitu, maharagwe ya njano na mekundu na ya madoadoa, pamoja na majani, vipande vya mabua, mavi ya mbuzi, na hasa vijiwe vyeusi vya mlima, ambavyo vina tabia ya kufanana na maharagwe mpaka siku vitakapokutana na jino lako. Kakule aliyanunua hivyo hivyo, akayamwaga kidogo kidogo kwenye sinia la bati, akayarusha, akayatenga. Watu walisema anayekula maharagwe ya Kakule anaweza kutafuna huku anabishana.

Na alikuwa na ulimi. Kila kijiwe alichokikamata alikitolea hotuba fupi: alimtaja mwenye shamba, akamtaja mama mkwe wa mwenye shamba, akauliza kama huko kwao wanalima au wanachimba barabara. Ndipo akakitupa. Mke wake, Kahambu, alikuwa akisema kwamba manung'uniko yale ndiyo saa yake ya ukutani. Akiyasikia, anajua nyumba inatembea.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, saa ikasimama.

Hakuna aliyekufa. Hakuna ng'ombe aliyeibwa, maana hakuwa na ng'ombe. Binti yao Kavira alikuwa ameolewa Butembo kwa amani. Kakule aliacha kwanza kunung'unika, kisha akaacha kunyoa, kisha akaacha kujibu salamu. Sinia likaning'inizwa ukutani, magunia yakabaki yamefungwa midomo. Alipoulizwa kuna nini alijibu kwamba hakuna kitu, moyo tu ni mzito. Jibu hilo liliwaudhi majirani kuliko tusi. Mtu akikwambia amefiwa, unajua ubebe nini. Akikwambia hakuna kitu, utabeba nini?

Wakabeba mashauri, kwa kuwa hayanunuliwi.

Wa kwanza alikuwa katekista Nsabimana, ambaye aliitwa Florent mpaka serikali ilipowanyang'anya watu majina ya ubatizo. Kanisani waliendelea kumwita Florent kwa kunong'ona, na mbinguni sijui walikuwa wameamua nini. Florent aliwahi kuionja seminari, akaitapika, lakini Kilatini kidogo kilibaki tumboni. Alimshauri Kakule ahesabu baraka zake kila asubuhi kabla hajateremsha mguu kitandani. Kakule alihesabu vizuri sana, akafika kwenye blanketi, akajifunika nalo.

Wa pili alikuwa Mama Perpétue, muuza kasiksi, ile pombe ya ndizi. Kwa maoni yake huzuni ni kiu tu isiyojijua. Kakule alikunywa. Akabaki na huzuni ileile, akaongezewa na kichwa kuuma.

Wa tatu alikuwa chifu wa mtaa mwenyewe, citoyen Zihindula, mtu aliyevaa abakosti, ile suti ya Chama, iliyofungwa mpaka shingoni hata akienda chooni. Huyu alimwamuru ajiunge na kikundi cha animation, safu ya mbele, acheze na kuimba sifa za Chama kila jioni. Alimweleza kwamba mtu wa Mapinduzi hawezi kuhuzunika, kwa sababu atahuzunikia nini? Kakule alilifikiria swali hilo kwa uaminifu, kwa muda mrefu, mpaka chifu akaingiwa na hofu na kubadilisha mazungumzo.

Alipochoka kutibiwa, Kakule akatafuta mahali ambapo mshauri hawezi kumfuata. Himbi palikuwa na mahali pamoja tu pa namna hiyo.

Nyuma ya nyumba za mwisho, kabla hujafika ziwani, ardhi inazama. Ni shimo pana, kingo zake ni mawe meusi ya moto wa zamani, na sakafu yake ni majani mabichi kupita kiasi, kwa kuwa hakuna mbuzi anayeyala mara mbili. Humo ndimo hulala mazuku. Mgeni hudhani mazuku ni pepo wa kufukuzwa kwa ngoma. Si pepo, ni hewa mbaya itokayo ardhini, haina rangi, haina harufu, nzito kuliko hewa ya kupumua, kwa hiyo inatulia chini kama maji kwenye karai. Usiku usio na upepo shimo linajaa, na alfajiri ndiyo mbaya kuliko zote. Jua likipanda na upepo wa ziwa ukiingia, mazuku yanafagiliwa, na mchana unaweza kupita humo ukiimba. Alfajiri huimbi. Unapiga magoti kama mtu aliyekumbuka sala ghafla, na ndiyo basi.

Katikati ya shimo liliinuka jiwe moja kubwa, refu kupita mtu, lenye mgongo bapa. Kakule alizoea kwenda kulipanda saa za jua, akakaa huko bila kushauriwa. Hakuwa anatafuta kufa. Tuseme hivyo wazi, ili wasengenyaji wapate kazi kwingine. Alikuwa anatafuta kimya. Jua likianza kuinama Kahambu alisimama ukingoni akamwita, naye akashuka, akapanda, wakaenda nyumbani bila neno.

Ijumaa moja alimwita, hakujibu. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya jiwe, macho wazi, amesikia kila kitu, lakini neno la kujibu lilimwia zito kuliko gunia. Kahambu aliita tena. Kwa kuwa giza lilikuwa limeshawahi na jiwe halionekani vizuri, akadhani mumewe amekwenda kulala kwa kaka yake, mtaani Mapendo, kama alivyofanya mara moja moja. Akarudi nyumbani. Kakule akajiambia atashuka baada ya kidogo. Akasinzia.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya Salongo, yaani kazi ya hiari ambayo usipoihudhuria unafungwa. Kulipoanza kupambazuka mtaa mzima ulikuwa nje na majembe, kufyeka njia inayopita kando ya shimo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani.

Jogoo wa Mama Perpétue, aliyekuja Salongo kwa hiari ya kweli, aliona panzi akirukia shimoni, akamfuata. Aliteremka kwa majivuno, akachukua hatua chache kwenye majani mabichi, akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari asiyoiamini, akakaa. Kisha akalala ubavu.

Mama Perpétue alifungua kinywa amlilie jogoo wake, kisha akamsahau. Juu ya jiwe, katikati ya shimo, mtu alikuwa ameinuka na kukaa, anajikuna kichwa, miguu yake inaning'inia.

"Kakule," Florent aliita polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtoto, "pandisha miguu. Usishuke."

Kakule alimtazama jogoo. Akapandisha miguu.

Florent alifunga koroboi kwenye kamba, akaiwasha, akaiteremsha ukingoni. Moto uliwaka, ukaendelea kuwaka, kisha ukazimika kana kwamba umepulizwa na mdomo. Akaivuta, akaiwasha tena, akaishusha tena, ikafia palepale. Wote wakatazama kutoka hapo kwa mstari ulionyooka mpaka kwenye jiwe. Mstari ulipita chini kidogo tu ya mgongo wa jiwe, kiasi cha goti. Hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa asiyesoma: akisimama, anapumua hewa ya Mungu. Akikaa, mauti yanamramba nyayo. Akilala, uso wake uko ufukweni.

Na shimo lilikuwa bado linajaa.

Walibishana haraka. Mmoja alisema akimbie huku amezuia pumzi, lakini njia ya kutokea ilipita palepale kwenye kina, penye jogoo, juu ya mawe ya utelezi, na Kahambu alikuwa amelalamika ziwani kwamba mumewe hajagusa chakula tangu katikati ya juma. Mwingine alisema avutwe kwa kamba, akaulizwa kama anataka kumwokoa mtu au kumkuna kama muhogo. Hapakuwa na njia ila kungoja jua lipasue ukungu na upepo uje kutoka ziwani. Mpaka hapo Kakule alitakiwa kufanya kitu kimoja.

"Citoyen, ni kazi rahisi," chifu Zihindula alimwambia kutoka ukingoni. "Simama tu."

Kakule alijibu bila kugeuza kichwa. "Njo hiyo yenye inanishinda, chef. Tangu siku mingi."

Hapo ndipo watu walipoelewa, wengine kwa mara ya kwanza, kwamba mtu huyu hakuwa mvivu.

Chifu alikuwa na dawa moja, akaitumia. Alikipanga kikundi cha animation ukingoni, wake kwa waume, wakaanza kuimba na kukata kiuno katika ukungu, majembe mabegani. Kwa haki ya Mungu waliimba vizuri. Alimwamuru Kakule apige makofi kwa kufuata mdundo, maana furaha ya taifa inaingia kwa kupitia viganja. Kakule alipiga makofi mawili ya heshima. Kisha akakaa chini.

Florent akasukuma kikundi pembeni. Sasa baraka zitahesabiwa kwa sauti, alisema, na yeye mwenyewe atamsaidia. Akaanza: una mke, una binti, una mkwe ambaye hajakuomba kitu, una nyumba, una paa, una kitanda. Alikuwa na sauti nzuri, ya kubembeleza, sauti ya mahubiri ya saa tisa alasiri. Alipofika kwenye blanketi Kakule alijilaza ubavu, akakunja mkono chini ya kichwa.

Koroboi ikashushwa. Safari hii ilizimika juu zaidi. Kati ya ile hewa na pua ya Kakule palibaki shubiri.

Mama Perpétue alirusha chupa ya kasiksi. Ikapasuka kwenye jiwe, na harufu tamu ikapanda, na Kakule hakufungua hata jicho. Chifu, aliyeishiwa na furaha, akarudi kwenye fani yake. Akatangaza kwamba raia atakayelala wakati wa Salongo atatiwa ndani.

"Sawa, chef," Kakule alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kuwa nene, kama ya mtu anayezungumza kutoka ndani ya gunia. "Nifunge."

Kahambu alifika akitoka kuchota maji ziwani, bidoni bado kichwani. Kuna aliyekwenda kumwita na kumweleza njiani, kwa hiyo hakuuliza kitu. Alitua bidoni. Akaitazama koroboi ilipozimika, akamtazama mumewe pale alipolala. Wanawake walijisogeza wamshike, maana mwanamke akifika mahali kama hapo anastahili kushikwa. Hakulia. Aligeuka, akarudi nyumbani kwake mbiombio, na wengine wakanong'onezana kwamba amekwenda kutoa kitambaa cha msiba mapema, yule mwanamke, moyo wake ni wa chuma.

Alirudi na sinia la bati kwapani na furushi la maharagwe mkononi. Pale njiani, mbele ya macho ya mtaa mzima, alichuchumaa, akafungua furushi, akachota changarawe nyeusi kwa viganja vyote viwili, akaimwaga katikati ya maharagwe. Akachota tena. Akachanganya kwa vidole, taratibu, kama anayekoroga dawa.

Chifu alimwuliza anafanya nini. Kahambu aliomba kamba ya Florent, akafunga sinia na furushi pamoja ndani ya kitenge, akarusha. Mzigo ulianguka kwenye majani, ukavutwa. Akarusha tena, ukagonga jiwe na kurudi. Mara nyingine ukaangukia juu, karibu na magoti ya mumewe.

"Baba Kavira," alisema, bila kupaza sauti sana, "Ntirenganya, mteja wako, anapitia kuchukua maharagwe yake leo. Anaozesha kesho."

Kisha, kutoka kwenye jiwe: "Chambua weye."

"Nimechambua. Njo hiyo. Iko safi."

Chifu alikuwa amesahau kufunga mdomo. Juu ya jiwe mkono mmoja ulisogea. Uliingia kwenye furushi, si kwa haja, kwa mazoea tu, jinsi ulimi unavyokwenda wenyewe kwenye pengo la jino. Vidole vikatembea ndani. Vikasimama. Vikatembea tena.

Kakule alikaa. Macho yalikuwa mekundu, kichwa kinayumba juu ya shingo kama kibuyu. Alitazama kiganja chake.

"Hii njo unaita safi?"

"Naona safi."

"Kahambu, hii njo unaita safi?"

"Simama kwenye mwangaza uone vizuri," mkewe alisema. "Umekaa gizani, utaonaje?"

Akasimama. Alisimama kwa vipande, kwanza goti, kisha mkono, kisha mgongo, akayumba mpaka watu wakajiuma vidole. Lakini alikuwa na sinia mikononi. Alimwaga maharagwe ndani yake, akarusha mara moja juu, akayadaka. Na kule ukingoni tulisikia shaa, ile sauti ya sokoni. Akakamata kijiwe, akakiinua machoni, akakitupa shimoni. Akakamata kingine. Na alipofika kwenye kile kingine, kwa sauti iliyokuwa na kutu, akauliza hewani kama mwenye shamba hili analima au anachimba barabara.

Kahambu alikaa chini palepale alipokuwa, juu ya bidoni lake, akafunika uso kwa mikono.

Msidhani jambo liliisha. Ukungu haukuwa na haraka. Koroboi iliposhushwa tena, kwa kamba nyingine, ilizimika usawa wa mgongo wa jiwe kabisa, na Kakule akawa kama mtu aliyesimama juu ya maji, nyayo zake zikiwa ndani. Hakujua, au alijua akaona si kazi yake. Alikuwa ameanza na mama mkwe wa mwenye shamba. Alitaja ukoo mzima. Kila kijiwe kilipogonga majani, watu ukingoni walitikisa kichwa pamoja, kama wanaoitikia litania.

Kisha Florent akaona kitu, akamwinamia Kahambu sikioni. Maharagwe yalikuwa yanaisha.

Kahambu aliinua macho. Sinia lilikuwa limebaki na kama kikombe. Yakiisha, mumewe atatua sinia, akitua sinia, atakaa, akikaa, atalala. Na jua bado lilikuwa doa jeupe nyuma ya mawingu.

Mama Perpétue alikimbilia jikoni kwake, akarudi na maharagwe yake ya chakula cha mchana, yaliyokuwa yameshalowekwa, yanadondosha maji. Yakamwagwa kwenye kitenge kingine. Na hapo mtaa wa Himbi ulifanya Salongo yake ya kwanza ambayo haikuwa na kiboko nyuma yake: watu wote waliinama, wakaokota changarawe njiani, wakazitia kwenye maharagwe kwa siri, migongo yao imemkinga Kakule asione. Chifu Zihindula naye aliinama, vifungo vya abakosti vikilia. Aliokota jiwe kubwa kama yai.

"Si hizo, chef," Kahambu alimnong'oneza. "Ndogo. Zenye kufanana."

Chifu akalitupa, akaanza kuchagua ndogo ndogo, moja moja, miwani kwenye ncha ya pua, kwa umakini ambao hakuwahi kuupa kazi yoyote ya dola.

Furushi likarushwa. "Na hii ya Mama Perpétue," Kahambu aliita. "Anasema umutazamie tu, yeye alishachambua."

Kakule alilipokea, akatia mkono, akatulia. Akatazama mbinguni kwa muda.

"Huyu mama," alisema, "anakula nini kwake? Nyumba?"

Mama Perpétue, ambaye siku nyingine angemjibu mpaka jioni, alibana midomo akameza tusi zima bila maji.

Hatukujua upepo ulianza lini. Kwanza ukungu ulipata tundu. Kisha kitenge cha Kahambu kikajipiga mguuni mwake. Majani ya shimoni yakainama upande mmoja, yakainuka, yakainama tena. Florent aliishusha koroboi na haikuzimika pale ilipozoea; akaachia kamba zaidi, moto ukanesa, ukajikaza, ukashuka mpaka karibu na sakafu, na hapo tu ukafa.

Walimpigia kelele ashuke, atembee wima, asiiname. Alijibu kwamba hajamaliza. Walimsihi. Alisema mtu haachi sinia katikati, huko ni kuwafundisha watu uchafu. Basi ikabidi mtaa mzima ungoje, jua likiwapiga utosini, mpaka kijiwe cha mwisho kitolewe hotuba yake na kutupwa.

Ndipo alipoteremka. Alibeba sinia kichwani, furushi begani, akatembea ndani ya majani kwa miguu iliyokuwa inatetemeka, shingo juu, kama bibi harusi. Alipita nusu ya njia. Alifika kwenye kina, penye jogoo. Na hapo sinia likainama kidogo, harage moja likadondoka.

Alisimama. Alilitazama.

"Acha," Kahambu alisema.

Akainama.

Kakule alichuchumaa, akapapasa kwenye majani, akalipata, na alipotaka kuinuka magoti yakakataa. Alibaki pale, mkono mmoja kwenye sinia, mkono mmoja ardhini, kama mtu anayetafuta jina alilolisahau. Kahambu alikuwa ameshashuka. Hakuna aliyemwona akishuka. Alikuwa tu yuko pale, ameziba pua na mdomo kwa ukingo wa kitenge, amemkamata mumewe ukosi wa shati na kumvuta juu kwa nguvu ya mtu anayeng'oa muhogo. Wakapanda pamoja. Kule juu Kakule alitapika, akakaa, akanywa maji ya bidoni, akalala ubavu kwenye ardhi ambayo kulala juu yake hakuui. Kisha akafungua kiganja, akarudisha harage kwenye sinia.

Ningependa kusema kwamba alipona siku hiyo. Jumapili alishinda kitandani, amegeukia ukuta. Jumatatu vilevile, mpaka Kahambu alipotoka nje kimya, akachuchumaa njiani, akarudi na kiganja kimefumbwa. Baadaye kidogo majirani walisikia ukoo wa mtu fulani wa Masisi ukitajwa kwa majina. Siku nyingine ilichukua viganja viwili. Siku nyingine haikusaidia kitu, na Kahambu alimwacha alale, akamwekea uji. Lakini shimoni hakurudi, na ndevu zikanyolewa, na wanunuzi wa Virunga waliosikia manung'uniko yake walianza kushangaa kwamba mwaka huu mawe yamezidi.

Jumamosi iliyofuata, kabla ya Salongo, chifu Zihindula aliwapanga watu mraba, akampandisha Kakule juu ya kreti ya bia iliyopinduliwa. Alitangaza kwamba mtaa wa Himbi umegundua dawa ya huzuni na kwamba inafaa ijulikane katika zone nzima, ikiwezekana mpaka Kinshasa. Ugomvi ukaanza palepale. Chifu alisema ni wimbo wa Chama, kwani Kakule alipiga makofi mawili, mashahidi wapo. Florent alisema ni baraka zilizohesabiwa, zilichelewa tu kuingia. Mama Perpétue alisema hata harufu ya kasiksi inatosha kumwinua mtu, na jogoo wake alipwe. Wakageuka wote kumtazama mwenyewe.

"Citoyen Kakule," chifu alisema, na alivua kofia yake kabisa, "mbele ya wananchi hawa, bila kuficha, tuambie. Nini ilikuinua?"

Kakule alifikiri. Kahambu, aliyesimama safu ya nyuma, alificha mikono ndani ya kitenge.

"Maharagwe ilikuwa na mawe mingi," Kakule alisema.